Akirudi Mkwakwani na jezi ya wenzetu

Ratiba ya ligi ikitoka, hapa Tanga watu hawaanzi kwa kuuliza mechi ya kwanza ni lini. Wanatafuta kwanza siku ambayo fulani atarudi Mkwakwani, uwanja wetu. Fulani huyo hubadilika, maana kila msimu yupo anayeondoka. Mwaka 2020 Bakari Nondo Mwamnyeto alitoka Coastal Union, timu yetu, akaenda Yanga. Mwaka 2022 Abdul Suleiman Sopu aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, mechi ikaisha 3-3, kombe likaenda Jangwani, kwao Yanga, kwa penalti, na hatujakaa sawa Azam wakawa wameshamchukua kijana. Mwaka huohuo Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea Coastal na ndiye kocha aliyetufikisha kwenye fainali ile, akaenda kuinoa Simba.

Kila akikaribia kurudi mmoja wa namna hiyo, barazani kwetu Ngamiani ushauri huwa mmoja: mzomeeni mpaka asahau njia ya goli. Mimi nina ushauri mwingine, na sehemu kubwa nimeutoa kwenye mchezo ambao Tanga hatuna habari nao sana, yaani raga.

Nilikaa Mombasa kwa muda kwa kazi za forodha, na wenzangu wa ofisini Jumamosi wakawa wananiburuta hadi Mombasa Sports Club. Mwanzoni nilikuwa naona watu thelathini wanaparamiana na mpira wenye umbo la papai. Nikazoea. Kilichonishika zaidi si mchezo wenyewe, ni yale yanayofuata filimbi ya mwisho. Timu moja inajipanga mistari miwili, wapinzani wanapita katikati wakipigiwa makofi, halafu wanabadilishana zamu. Kisha wote wanakaa kula na kunywa pamoja, huyu kapasuka mdomo, yule goti limevimba. Na usidhani kule watu hawahami. Kenya kuna klabu zenye kampuni nyuma yake, kama Kabras Sugar ya watu wa sukari na KCB ya benki, na kijana aliyelelewa kwenye klabu kongwe isiyo na fedha akiitwa huko anakwenda. Kwa hiyo katika ile mistari ya makofi daima yupo mtu anayepita mbele ya wenzake wa jana.

Lakini nisiwapambe watu wa raga kupita kiasi, maana nao wana mambo yao. Muulize Quade Cooper. Alizaliwa Tokoroa, New Zealand, akahamia Australia akiwa mtoto, akaichezea Australia. Mwaka 2011 Kombe la Dunia likachezwa New Zealand, na wiki chache kabla yake alikuwa amemgonga kwa goti kichwani nahodha wao, Richie McCaw. Kamati ikamwachia, mashabiki hawakumwachia. Mashindano yote kila akigusa mpira ilikuwa ni kuzomewa. Nusu fainali pale Eden Park, Australia dhidi ya wenyeji, mpira wa kuanzisha mechi akaupiga ukatoka nje moja kwa moja. New Zealand wakashinda 20-6.

Najua mtu wa baraza akisoma hapo atasema: si umeona, kuzomea kunafanya kazi! Huenda. Ila New Zealand ile ilikuwa na McCaw uwanjani na ikaenda kubeba kombe. Sidhani kama walihitaji msaada wa koo za watu. Na huku kwetu nimeona kinyume chake mara nyingi mno. Beki anayezomewa ndiyo kwanza anakaza, anacheza mechi ya maisha yake, kesho yake magazeti yanampamba na sisi tunarudi Makorora kwa miguu hatusemeshani.

Kuna uwanja mmoja Limerick, nchini Ireland, unaitwa Thomond Park, nyumbani kwa timu ya raga ya Munster. Watu wa pale wana kelele kama sisi, ila mpigaji anapoweka mpira chini apige penalti, uwanja mzima unanyamaza. Hata mpigaji wa timu pinzani, hata ikiwa mkwaju huo ndio utakaowaua. Novemba 2019 alirudi hapo Simon Zebo akiwa na Racing 92 ya Ufaransa. Zebo alikuwa kipenzi chao, na alipoondoka mwaka 2018 hakukuwa na mtu aliyewahi kuifungia Munster trai (mabao ya raga) nyingi kuliko yeye. Kuondoka kwenyewe kulimgharimu, kwa sababu chama cha raga cha Ireland huwapendelea wanaocheza nyumbani. Alipotangaza tu kwamba anakwenda Ufaransa, jina lake likatoka kwenye kikosi cha taifa. Basi aliporudi walimpokea kwa makofi, kisha wakageuka kuishangilia timu yao kwa nguvu zote, na mechi ikaisha sare ya 21-21. Mwaka 2021 akarudi Munster moja kwa moja, na huko ndiko alikostaafia.

Hicho kipande cha mwisho ndicho ninachokirudia barazani mpaka wananichoka. Mchezaji huwa anarudi. Wangapi wametoka hapa wakaenda Dar, wakakaa benchi misimu miwili, wakarejea wanatafuta timu ya kuwapa dakika? Ukishamtukania mama yake, siku hiyo utamshangilia kwa mdomo gani?

Sasa swali la msingi. Kabla hujaamua utampokeaje, uliza aliondokaje. Mambo haya hayafanani. Yupo aliyemaliza mkataba akaenda zake. Huyo hana deni na mtu. Yupo aliyeuzwa akiwa na mkataba, na huyo hakujiuza: viongozi walikaa, wakakubali bei, wakasaini. Timu za mikoani zinaishi hivyo. Fedha ya kuuza kijana mmoja ndiyo inayolipa mishahara ya waliobaki na nauli ya kwenda Bukoba. Ukimzomea aliyeuzwa, unamzomea aliyekulipia basi. Kama una hasira, zipeleke kwenye mkutano mkuu wa wanachama, na uwe umelipa ada yako, maana wengi wenye sauti kubwa kule mzunguko, majukwaa ya bei nafuu, kadi zao zina vumbi.

Halafu yupo wa tatu, aliyetoroka. Hapa hata watu wa raga hawana makofi. Sonny Bill Williams, ambaye vijana wengi wa pwani wanampenda kwa kuwa ni Muislamu na hajifichi, mwaka 2008 aliiacha Canterbury Bulldogs ya Sydney katikati ya msimu, bila kuaga, mkataba ukiwa na miaka kadhaa mbele, akapanda ndege kwenda Toulon. Raga ziko mbili: Bulldogs inacheza ile ya watu 13, Toulon ile ya watu 15. Mashabiki wa Bulldogs wakambandika jina la kejeli, Money Bill. Mwaka 2013 akarudi Sydney na timu nyingine, Roosters, akatwaa nayo ubingwa mwaka huohuo, jambo ambalo naamini liliwauma kuliko hata kule kutoroka. Mimi nampenda Sonny Bill, lakini siwezi kumlaumu shabiki wa Bulldogs aliyekataa kumpigia makofi. Makofi si haki ya mtu.

Ila angalia usimtie kila mtu kwenye kundi la watoro. Watu wa Wales walilifanya hilo kwa muda mrefu. Zamani raga ya watu 15 ilikuwa hairuhusu malipo, na mchezaji akienda kaskazini mwa Uingereza kucheza ile ya watu 13 kwa mshahara, alifungiwa mlango wa kurudi kabisa. Jonathan Davies, mmoja wa wachezaji hodari waliowahi kutoka Wales, alikwenda Widnes mwaka 1989. Mwaka 1995 malipo yakaruhusiwa, mlango ukafunguka, akarudi kuichezea Cardiff, ujana wake mzuri ukiwa umeshaliwa na wengine. Kosa lake lilikuwa kufuata riziki. Mtu wa Tanga aliyeona vijana wa mtaa wake wakipanda basi kwenda Dar kila uchao asihitaji kuelezwa zaidi.

Tuje kwenye vitendo, maana najua mtauliza: tufanye nini sasa, tukae kimya kama msibani?

Tuliwahi kukubaliana, kundi letu la mzunguko, kwamba kijana mmoja tuliyemlea akigusa mpira wa kwanza tunyamaze wote, tuone. Tulinyamaza kweli. Ilidumu mpaka muuza kahawa alipopita akigonga vikombe vyake, mtu akacheka, yakaishia hapo. Thomond Park hatuiwezi, wagosi. Sisi ni watu wa ngoma.

Lakini ni watu wa vijembe pia, na hapo ndipo nashangaa. Mji huu umekulia kwenye taarabu. Bibi zetu walikuwa wanasemezana kwa kanga, mtu anapita tu mbele ya mlango wako na ubavuni kaandikwa maneno ambayo utayafikiria wiki nzima. Watoto wa mabibi hao leo wanakwenda uwanjani kutukana matusi ya nguoni! Ni uvivu. Tusi mchezaji halisikii, alishalizoea tangu yuko daraja la kwanza. Kijembe anakwenda nacho hotelini. Kuna mzee mmoja pale mzunguko alimpigia kelele winga aliyetoka kwetu, mpole kabisa, "Mwanangu, huko wanakupa mihogo kweli? Mbona mbio zimepungua?" Yule kijana alicheka, na nakwambia dakika kumi zilizofuata alikuwa anatazama jukwaani kuliko anavyotazama mpira. Kama mnataka kumtoa mtu mchezoni, hiyo ndiyo njia. Andikeni bango. Mimi nilipendekeza "Ulikotoka wakujua, ulikokwenda wakusoma" na bado sijapata mtu wa kulishona.

Utani una mpaka wake. Nchi hii tuna watani wa makabila mpaka msibani, na kila mtu anajua mtani haruhusiwi kugusa nini. Uwanjani iwe vilevile: mbio zake, unene wake, mkwaju alioupaisha, mshahara wake, vyote halali. Mama yake, dini yake, rangi yake, maradhi yake, hapana. Na usijidanganye kwamba mzunguko ni mkubwa hutajulikana. Jamaa yangu mmoja wa Chumbageni alimtukana mchezaji dakika tisini mpaka sauti ikakauka. Jumapili akaenda kunyoa, akakaa kwenye kiti, akafungwa kitambaa, ndipo kinyozi akamuuliza taratibu, wembe ukiwa tayari shingoni, "Kaka, jana ulikuwa unamsema mdogo wangu nini vile?" Alinyolewa vizuri tu, hakukatwa popote. Lakini anasema hajawahi kukaa kimya kiasi kile tangu azaliwe. Mji wetu mdogo huu, mchezaji ana shangazi Mabawa, ana mjomba Pongwe, na wote wamelipa kiingilio.

Muda wa kumsalimu ni kabla ya mechi, wanapopasha misuli. Hapo mwite jina lake la zamani, lile la mtaani, mpigie makofi, mwache akupungie. Ukiwa na mtoto, mwambie huyu alitokea hapahapa, alifanya mazoezi kwenye uwanja huuhuu. Wapo wanaosema hilo ni kumlainisha adui. Mimi naona faida yake: mtu aliyekuja amejiandaa kwa vita akapokelewa kwa salamu, miguu inakuwa mizito kidogo. Filimbi ikilia yeye ni wa kule, basi, hana jina. Asipewe kona bila kelele, asipewe penalti bila miluzi. Mkwaju wa Thomond Park tumeshaukubali kwamba hatuuwezi.

Baada ya mechi usimsubiri kwenye basi kama umefungwa. Hilo nalisema kwa nguvu. Mtu aliyefungwa hana salamu ya maana, hata akitaka. Nenda zako Raskazone upate upepo. Kama mmeshinda, hapo sawa, kamsindikize na utani wote uliobaki.

Linabaki suala la akifunga goli. Siku hizi kuna desturi ya mchezaji kuinua mikono miwili kuomba radhi na kukataa kushangilia. Wengine wanaiona unafiki, mimi sina neno nayo. Akifanya hivyo mwacheni arudi katikati kwa amani. Ila akikimbia mpaka mbele ya mzunguko, akaweka mkono sikioni kuuliza mbona hatumsikii, basi ushauri wangu wote huu uwekeni mfukoni kwanza, mumpe anachokitafuta. Mama yake tu msimtaje.