Jibu: Kwa nini mfupa huunga lakini gegedu haliponi?

Ndugu, umeuliza kwa nini mfupa uliovunjika huunga ilhali gegedu la goti likilika husumbua miaka, na zote ni tishu unganishi, yaani tishu zinazounga na kushikilia sehemu za mwili. Tofauti ni damu. Mfupa una mishipa tele; gegedu linalofunika ncha zake halina hata mmoja, lishe hulifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye ute wa kiungo. Kano, zile kamba zinazounga misuli na mifupa, ziko katikati: damu ipo ila haba. Shika ile kamba ngumu juu ya kisigino: hiyo ndiyo kano nene kuliko zote mwilini, na nyuzi zake nyingi ni kolajeni, protini imara. Na mwalimu wako hajakosea kusema damu nayo ni tishu unganishi, ila nyuzi zake hutokea inapoganda tu.