Kudhibiti Uchawi wa Kuita Viumbe: Hesabu Zamu Kwanza

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, na hasa Dungeons & Dragons, uchawi wa kuita viumbe huzua manung'uniko mengi, na msimamizi wa mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuwaendesha maadui, anapotaka kuudhibiti, mara nyingi hukimbilia kupunguza nguvu za kiumbe anayeitwa. Kwa uzoefu wangu katika kiti cha msimamizi, hatua hiyo husaidia kidogo sana, kwa sababu kinachovuruga mizani ni wingi wa zamu anazojipatia mchezaji mmoja.

Tazama uchawi uitwao Conjure Animals kama ulivyo katika kanuni za mwaka 2014. Ni uchawi wa daraja la 3, hudumu hadi saa moja maadamu mwitaji hajapoteza umakini, nao hutoa machaguo manne: mnyama mmoja ambaye kiwango chake cha ugumu (kipimo cha hatari ya kiumbe) hakizidi 2, wawili wa kiwango cha 1, wanne wa nusu, au wanane wa robo. Kwenye karatasi machaguo hayo yanaonekana kulingana, lakini mchezaji anayejua hesabu atataka wanane, na akiachiwa achague atachagua mbwa mwitu. Mbwa mwitu anaposhambulia huongeza 4 kwenye dadu yake, na mwenzake akiwa karibu na adui, hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Dhidi ya adui mwenye kinga ya 15, yaani jumla ambayo shambulio lazima liifikie, atafanikiwa mara tatu katika kila nne, na kila ng'ato huondoa wastani wa pointi 7 za uhai. Wanane kwa pamoja huondoa takriban pointi 42 katika raundi moja, na hapo sijagusa mapigo ya bahati (dadu ikitoa 20, madhara huongezeka) wala uwezekano wa adui kuangushwa chini. Jitu liitwalo troll, lenye kiwango cha ugumu cha 5 na kinga hiyohiyo ya 15, lina pointi 84 tu. Mpira wa moto, ambao nao ni wa daraja la 3, humwondolea kila aliyemo ndani yake wastani wa pointi 28, mara moja, basi.

Ubaya mwingine ni muda. Meza ina wachezaji wanne, watatu kati yao wana zamu moja moja, na wa nne anarusha dadu kumi na sita za mashambulizi kabla hata hajafika kwenye zake mwenyewe. Wenzake wataanza kuchezea simu, na sitawalaumu.

Ndiyo maana nashauri makubaliano yafanyike kabla ya uchawi huo kutumika kwa mara ya kwanza. Ufafanuzi rasmi wa kanuni za 2014 unasema mchezaji huchagua idadi, ila msimamizi ndiye anayeamua ni wanyama gani watakaotokea, jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui na wakilisikia katikati ya vita huona wameonewa. Mimi huweka kikomo cha viumbe wawili vitani, na nje ya vita naruhusu wanane bila kinyongo, kwa kuwa kunusa njia, kubeba mizigo au kulinda kambi hakumnyang'anyi mtu zamu. Anayetaka kuvuka kikomo hicho na kubaki na wanane vitani aje na kadi iliyoandikwa tayari: kinga 13, uhai 11, nyongeza 4, madhara 7 bila kurusha dadu, na adui arushe dadu ya nguvu na kufikisha 11 asije akaanguka. Dadu zote za mashambulizi zirushwe kwa pamoja.

Maadui nao wana akili, na wenye akili humlenga mwitaji, kwani kila anapoumizwa lazima arushe dadu ya ustahimilivu na kufikisha 10 au nusu ya madhara aliyopata, ile iliyo kubwa, la sivyo kundi zima hutoweka. Mpira wa moto nao huua mbwa mwitu hata akifaulu kukwepa, kwa sababu nusu ya 28 inazidi uhai wake. Hata hivyo, kila adui akija na mpira wa moto, mchezaji atajua unamwinda yeye.

Kanuni nyingine zimejaribu njia tofauti. Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, la mwaka 2019, humtoza mwitaji tendo moja kati ya matatu yake kila zamu ili kiumbe apate mawili. Bei ni ya haki, ila mwitaji wa ngazi ya 5 hupata kiumbe wa ngazi ya 2, ambaye mbele ya adui mkuu hukosa mara nyingi mno. Kanuni za D&D za 2024 zimeigeuza Conjure Animals kuwa kundi la mizuka linalomuumiza aliye karibu nalo, hivyo hesabu imetulia lakini wanyama wenyewe wamepotea. Suluhisho ninaloliona bora ni la D&D la 2020, uchawi uitwao Summon Beast na ndugu zake: roho moja yenye takwimu zake, inayocheza mara tu baada ya mwitaji na kukua kadiri daraja la uchawi linavyopanda.

Ukiamua kuhamia huko katikati ya kampeni, subiri mwisho wa kikao. Druidi, mhusika mwenye uchawi wa asili, hatapoteza kitu, maana huandaa uchawi wake upya baada ya mapumziko marefu. Renja, mhusika mwindaji wa porini, katika kanuni za 2014 hubadilisha uchawi mmoja tu anapopanda ngazi, kwa hiyo yeye mpe badiliko hilo bure.