"Kila mikondo" na jembe moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natunza kanzidata ya shule. Wanafunzi wote wa Kidato cha Kwanza wako kwenye jedwali moja, mikondo mitatu, na nimeandika amri ya SQL (lugha ya kuiagiza kanzidata) inayowapa namba kwa alfabeti; mkondo A ukiisha, B unaanza tena na 1. Kwenye maelezo nimeweka: "Kila mikondo ianze na 1." Mwenzangu anasema ni sawa kwa kuwa mikondo ni mingi, lakini mimi moyo unasita. Na namba hizo niziite za mfuatano au za mfululizo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Moyo wako unajua Kiswahili kuliko huyo mwenzako. Swali la pili ni zuri na nitalifikia, ila "kila mikondo" umenitonesha kidonda cha siku nyingi.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari, fomu ya kujiunga ilisema: "Kila wanafunzi waje na jembe." Kijijini kwetu tulichaguliwa watatu. Baba wa mmoja wetu, mtu wa hesabu, akaisoma mara mbili, akakata shauri: wanafunzi ndio ninyi, jembe ni moja. Tukaripoti na jembe moja, tumelibeba kwa kupokezana njia nzima. Mwalimu wa zamu akauliza mengine yako wapi. Tukamwonyesha fomu. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akatugawia viboko kwa sarufi sanifu kabisa: kila mwanafunzi, vitatu.

Neno lenyewe ni kull ya Kiarabu, na lina ubishi wake: vivumishi vingi vinakaa nyuma ya nomino, lenyewe linatangulia mbele. Kazi yake ni kulichukua kundi zima na kulitazama kimoja kimoja. Kikishatazamwa kimoja, nomino inakuwa ya umoja: kila mkondo, kila kiti, kila mgeni. Mwenzako anasema mikondo ni mingi. Ingekuwa mmoja, "kila" ingetafuta nini hapo? Lakini ndiyo hivyo, makosa haya nayasikia harusini ("kila wageni wapite mezani"), nayasikia kwenye vikao vya shule ("kila wazazi watoe elfu kumi"), halafu makusanyo yakipungua mweka hazina anashangaa. Wazazi wametoa elfu kumi. Wote. Moja.

Wapo watakaonirushia "kila watu watano, sinia moja". Hapo sina ugomvi. Watano wamefungwa pamoja wakawa fungu moja, na sinia ndilo shahidi. Ndivyo ilivyo hata kwa "kila siku mbili": siku mbili zimekuwa kipande kimoja cha muda. Mikondo yako haijafungwa mafungu, kwa hiyo usijifiche nyuma ya pilau.

Kinachonichekesha ni kwamba kompyuta imelielewa jambo hili kabla ya mwenzako. PARTITION BY iliyomo kwenye amri yako ndiyo "kila" ya SQL: inalikata jedwali, na ROW_NUMBER, ile inayotoa namba za mistari, inaanza upya kila penye mkato. Na kama hutaki kabisa kubishana naye, iache "kila" utumie njia iliyo tamu zaidi: "Wape wanafunzi namba mkondo kwa mkondo, ukianzia 1." Karani wa sensa hupita nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyewahi kumwambia apite nyumba kwa manyumba.

Haya, mfuatano na mfululizo. Mfuatano ni kuja mmoja nyuma ya mwingine, na pengo linavumilika. Mfululizo haukatiki, mvua iliyonyesha siku tatu mfululizo haikupumzika siku ya pili. Sasa angalia jedwali lako. Namba ya usajili ambayo kanzidata humpa mwanafunzi siku anapoingizwa ni ya mfuatano tu: akihama na rekodi yake ikafutwa, 17 itafuatwa na 19, na ile 18 hairudi. Namba za mkondo hazikuhifadhiwa mahali. Zinakokotolewa upya kila unapoendesha amri, hivyo akiondoka mmoja waliobaki wanasogea. Hazina pengo. Ziite za mfululizo.

Ila usiziite "nafasi", nakusihi. Nafasi ni mambo ya matokeo: wawili wakilingana alama wakawa wa tatu wote, anayefuata ni wa tano, na kwa kazi hiyo SQL ina RANK. ROW_NUMBER haijui kulingana. Ukiipeleka kwenye alama itampa mmoja 3 na mwenzake 4, na asubuhi yake mzazi wa huyo wa 4 atakuwa mlangoni kwako na karatasi mkononi.