Re: Jina kwenye nguo za JKT linafutika, nitumie wino gani?

Mdogo wangu, umesema mwezi ujao unaripoti Makutupora, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na kalamu uliyojaribia imefutika ulipofua mara ya kwanza. Kalamu ya bik ndivyo ilivyo. Yangu iligeuka wingu la bluu kwenye kola, kuruta mwenzangu akaondoka na fulana yangu kwa amani kabisa.

Tafuta maka peni isiyofutika, ya ncha nyembamba. Fua fulana kwanza, maana nguo mpya ina dawa ya kiwandani inayozuia wino kuzama. Ikikauka, ivute ikaze juu ya kipande cha boksi, andika ndani ya kola taratibu, wino usisambae. Iache mpaka kesho, halafu piga pasi ya moto. Pamba hushika vizuri kuliko polista.

Bukta ya bluu iliyokoza haionyeshi wino mweusi, usijisumbue. Andika kwenye kitambaa cheupe, ukishone ndani ya kiuno.

Kwa ndoo na sahani, futa mafuta kwa spiriti kabla ya kuandika. Ila spiriti hiyohiyo hufuta maka, kwa hiyo sahani ya bati mimi ningeikwaruza kwa msumari, upande wa chini.