Siku haifupiki, mwalimu

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha baiolojia sekondari, hapa Temeke. Nimewaandikia wanafunzi makala fupi kuhusu saa ya ndani ya wadudu: jinsi mdudu wa nchi za baridi, asiye na kalenda, anavyojua kwamba baridi inakuja. Niliandika, "Mdudu huhisi siku zinapofupika." Mwenzangu akafuta, akaweka, "Mdudu huhisi masaa ya siku yanapopungua." Nani kapatia?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hakuna. Wewe umekosa mara moja, mwenzako mara mbili, ila hilo la "masaa" nitalirudia nikishapoa.

Siku ni mchana mmoja pamoja na usiku wake. Saa 24. Haifupiki Juni, hairefuki Disemba. Fundi cherehani wa Kariakoo akikwambia suti uifuate baada ya siku mbili (anakudanganya, lakini hilo si kosa la sarufi), humuulizi kama usiku nao kauhesabu. Na ukirudi siku ya pili akakujibu, "Siku zimefupika, ndugu yangu," hutatazama juu kulitafuta jua. Utamtazama yeye usoni, umpe pole, pengine umsamehe na suti yenyewe. Kwa Kiswahili anayefupikiwa na siku ni mtu anayekaribia kuzikwa. Sasa isome tena sentensi yako kwa sikio hilo: mdudu kahisi siku zake zinafupika, kilichobaki ni kuaga jamaa na kulipa madeni. Kumbe masikini anajiandaa tu kukaa bwete hadi baridi ipite!

Ugonjwa huu ni wa kutafsiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa siku na kwa mchana, basi mtafsiri mvivu huokota la kwanza analolikuta. Sisi tuna siku, tuna mchana, tuna kutwa na tuna kucha. Bahasha ya dawa ikiandikwa "kutwa mara tatu", bibi asiyejua kusoma akisomewa anaelewa. Hapa Dar mchana wa Disemba na wa Juni hupishana kwa muda usiofika saa moja, na anayeigundua tofauti hiyo ni yule anayengoja adhana ya Magharibi. Naye husema jua linawahi kuchwa. Hajawahi kusema siku imefupika.

Kinachonichekesha ni kwamba siku na usiku ni ndugu, wa shina moja la Kibantu, na shina hilo lilikuwa la usiku. Hadi leo magazeti huandika "usiku wa kuamkia jana". Na wadudu wako, mwalimu, nao huhesabu hivyohivyo, kwa usiku. Mwaka 1923, huko Marekani, mtafiti Marcovitch alionyesha kwamba vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza utomvu wa mimea, hubadili namna ya kuzaa kwa kufuata urefu wa mchana. Baadaye Lees, wa Uingereza, akachukua kidukari anayeishi kwenye mimea ya jamii ya kunde, akamchezea kwa mwanga na giza, akakuta kinachopimwa hasa ni giza. Usiku ukizidi takriban saa tisa na nusu, mama anaacha kuzaa mabinti wa kawaida, wa kuzaa bila kutaga, anaanza kuzaa mabinti wa kutaga mayai, na mayai ndiyo yanayovuka baridi. Mmulike kidogo katikati ya usiku huo, hesabu yote inavurugika, anaendelea kuzaa kana kwamba kiangazi bado kipo. Tena mwanga hausubiri macho: hupenya gamba la kichwa ukaufikia ubongo.

Nimesema saa tisa na nusu nikimaanisha muda, si alasiri. Najua, hapo ndipo watu wanapokimbilia "masaa", ilhali saa moja ni saa na saa kumi ni saa vilevile. Nimepigana na neno hilo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kwenye daladala halinishtui tena. Kwenye makala ya wanafunzi bado linaniwasha.

Halafu usiwaache watoto wa Temeke wadhani haya ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Nzige mwekundu, yule wa bonde la Rukwa, hukaa kiangazi kizima bila kutaga akingoja mvua, na mabadiliko ya urefu wa mchana ni mojawapo ya dalili anazozisoma, japo huko nako tofauti yenyewe ni ndogo. Huyo angefaa aya nzima.

Kwa hiyo andika: "Mdudu hupima urefu wa usiku." Ukilazimika kutaja nuru, sema "mchana unapofupika". Mwenzako muachie "masaa" yake kama hawezi kulala bila hayo, ila hilo "ya siku" alifute kwa mkono wake mwenyewe.