Barua kwa Zuhura, daktari wa wanyamapori

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Umeniuliza kama uiache kazi ya Tsavo ukashike ile ya ofisini Nairobi. Mamako keshakujibu kwa simu, nawe wamjua. Mimi nataka kukukumbusha Mrashi, punda wetu.

Alikodiwa na mwenye jengo kule Langoni, abebe mawe na mchanga. Jioni akarudi akasimama tu, masikio chini, pumba haitaki. Watu wakasema kachoka huyo, kesho atabeba. Nikakataa. Tukampeleka hospitali ya punda, ile iliyopo hapa Lamu tangu 1987, nawe ndiwe uliyeshika kamba. Daktari akamsikiliza tumbo ubavu huu na huu, akambonyeza ufizi kwa kidole, akangoja aone damu yarudi upesi gani. Akatwambia farasi akiumwa tumbo hujigaragaza, lakini punda aweza kunyamaza kimya, ndipo watu humbebesha mpaka aanguke. Alfajiri Mrashi akafa. Asubuhi ile ile mwenye jengo akatuma mtu kuuliza kama tuna punda mwingine. Habari za Mrashi hakuuliza. Hata leo nikipita mbele ya nyumba ile roho hunichafuka.

Nimesema siku zote, na nitasema tena: mnyama husikilizwa kwa mkono. Ulinihadithia jinsi ndovu akishachomwa dawa ya usingizi akaangukia kifua, uzito wake mwenyewe humbana pumzi, mkimbilie kumlaza ubavu. Mwamwekea kijiti kwenye ncha ya mkonga hewa ipite, mwamfunika jicho kwa sikio lake, mwammwagia maji asipate joto. Na dawa ya kumwamsha iko tayari kabla ya kumchoma. Nilipokusikia nilijua kidole kile cha ufizini hukukisahau.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Sotoka, iliyomaliza ng'ombe na nyati Afrika nzima, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na ugonjwa wenyewe mara ya mwisho ulionekana kwa nyati wa Meru, mwaka 2001. Aliyeimaliza si mwenye bunduki ya dawa. Ni chanjo, iliyotengenezwa hapa kwetu Kenya, kule Muguga, na watu wa meza na makaratasi walioipeleka mpaka kwa mfugaji wa mwisho. Kwa hiyo siwezi kukwambia ofisi si kazi. Nyati wangapi wako hai kwa sababu ya karatasi? Hata hivyo, karatasi haina ufizi wa kubonyeza. Nami narudi pale pale, kwa mkono.

Ukinibana niseme, nitasema. Bora usinibane, maisha ni yako, na watoto wako wanataka kukuona. Ila kabla hujatia sahihi, waulize watu wa Nairobi kama watakuacha utoke kwenda mbugani, na mara ngapi kwa mwaka. Wakikubali, wakuandikie kwenye mkataba. Maneno ya mdomo usiyapokee.

Babako