Kijana anataka kuishi kwa klarineti hapa Tanga, atakula nini?

Mleta uzi umesema kijana wako kamaliza form four, anapuliza klarineti kwenye bendi ya kanisa na sasa anataka iwe kazi, wewe unaona bora aende chuo cha ufundi VETA akasome umeme. Mimi nimeanzia brasi bendi, nikapita matarumbeta ya harusi mitaa ya Ngamiani, sasa hivi chakula changu kikubwa ni wanafunzi, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokijua.

Usimuulize kama ana kipaji. Muulize kama anaweza kukaa saa nzima na mtoto anayetoa mlio kama bata kakabwa na yeye asinune. Maana hiyo ndo kazi yenyewe mkuu, shoo ni chache, kufundisha ni kila wiki, na siyo kwamba ni umaskini wa huku kwetu. Hyacinthe Klosé alitokea bendi za jeshi Ufaransa, akaja kuwa profesa Conservatoire ya Paris, chuo kikubwa cha muziki, karibu miaka thelathini mpaka 1868, akashirikiana na fundi wa ala Buffet kupanga upya vitufe vya klarineti, na mpangilio ule ndo uko kwenye klarineti nyingi zinazouzwa leo, hata hiyo ya kijana wako nadhani. Kitabu chake cha mazoezi cha 1843 bado tunakitumia. Sasa huyo utasema alishindwa kupiga ndo akafundisha?

Halafu Anton Stadler wa Vienna, yule mtunzi Mozart alimwandikia konseto, kipande cha mpigaji mmoja na okestra, 1791, miezi michache kabla Mozart hajafa. Mpigaji hatari, kaajiriwa bendi ya kaizari, lakini Mozart alipofariki Stadler alikuwa kwenye orodha ya waliokuwa na deni kwake. Jina kubwa na madeni vinakaa nyumba moja vizuri tu.

Kingine watu hawakijui ni kwamba hili dude ni gumu kuliko saksafoni pale mwanzoni. Saksafoni ukibonyeza kitufe cha juu sauti inapanda oktavu, yaani noti ileile ila juu zaidi, vidole vinabaki vilevile. Klarineti inaruka mpaka noti ya 12 ya ngazi, kwa hiyo vidole vya chini vinatoa noti nyingine kabisa juu, na katikati pale kuna sehemu unatoka kidole kimoja unatakiwa ufunike karibu matundu yote kwa mpigo, hapo ndo wanafunzi wangu wengi wanakimbilia saksafoni. Wanaobaki nawaweka kwenye noti ndefu, moja moja, taratibu, mpaka majirani wanazoea. Na nikuambie ukweli, mimi mwenyewe sauti yangu ilinyooka nilipoanza kufundisha, kwa sababu huwezi kumwambia mtoto kaza pembe za mdomo wakati wako umelegea.

Gharama zipo. Ridi, kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni, zinatengenezwa kwa matete, mengi yanatoka kusini mwa Ufaransa, na joto la Tanga na unyevu wa bahari vinazivimbisha na kuzipinda, awe nazo kadhaa azizungushe, asing'ang'anie moja. Chumvi inakula springi, afute kila akimaliza. Aanze na ya plastiki, asidanganywe na mtu. Zile nzuri za mbao ni mpingo, na mwingi unatoka hapahapa kwetu, Kilwa na Lindi huko, mbao zinapanda meli zinarudi klarineti yenye bei ambayo sitaki hata kuitaja, inaniuma.

Mshahara wa uhakika uko bendi za majeshi, polisi, magereza, JWTZ, wakitangaza nafasi aombe. TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wanafundisha muziki na cheti kinasaidia ukiomba kazi shuleni. Harusi ni msimu, Ramadhani unakaa kabisa. Ila mwenye wanafunzi watano wanaolipa kwa wakati analala vizuri kuliko mwenye shoo moja ya hela nyingi, hilo nimeliona kwa macho yangu.

VETA umeme naye asome, sioni tatizo, jioni anapuliza. Wanamuziki wengi wa huku wana kazi ya pili na wala hawaoni aibu.

Kama uko Tanga mjini niandikie inbox, uje naye Jumamosi asubuhi nimsikilize. Aje na ridi zake lakini, za kwangu siazimishi.